Kitabu cha Tatu cha Bi Kusum

Mkunazini, Unguja

Kwa dada yangu Mwanahawa, huko Kilwa,

Shikamoo dada. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili nimesimama mlangoni. Nimefurahi kusikia goti la mama limetulia na watoto wameacha kukohoa. Sisi huku tu wazima, ila joto la mwaka huu linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa.

Mwishoni umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo: siku hizi nasoma nini, na kweli nimegombana na mume wangu? Hujui, dada, umeuliza jambo moja tu. Nakueleza lote, ili mama asije akalipata kwa mdomo mwingine limetiwa chumvi.

Niliwahi kukuandikia habari za Bi Kusum, jirani yetu wa chini, mke wa mwenye duka la nguo. Kazaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake ni cha Unguja kuliko changu. Ana vitabu vya hadithi vya Kigujerati vinavyomjia kwa meli kutoka Bombei, kila kimoja kinaanzia pale kilipoishia kilichotangulia. Maandishi yale mimi siyajui, basi alasiri tukikaa uani kuchagua choroko, yeye husoma kimoyomoyo kisha akanisimulia.

Cha kwanza nilikipenda mno. Kina mwanamke anaitwa Sarla, mke wa karani wa posta. Vikuku vya bibi harusi vimeibwa, watu wamemshika mtumishi, yeye akatazama miguu ya wageni tu akamjua mwizi. Mimi mwizi nilimshuku tangu alipokataa kula, na Bi Kusum ni shahidi wangu. Cha pili hakikunikaa. Mtu kafa kisimani, na kila aliyepita njia ile alikuwa na sababu ya kumtosa, mtunzi kazidisha. Kilichonishika ni mume wa Sarla. Mkewe akirudi na mashaka yake, humkuta amemwekea chai, akamwambia, "Hebu nieleze tena." Wallahi dada, mume kama yule sijapata kumwona ila kitabuni.

Cha tatu kilikuja baada ya Idi, na tangu siku ya kwanza nikaona hakiko sawa. Hakuna kilichoibwa, hakuna aliyekufa. Yule yule mume wa chai sasa anatoka asubuhi na kurudi usiku; akiulizwa, kazi. Ana shati jipya. Chakula anakigusa tu. Na Sarla, aliyewanasa wezi kwa macho matupu, kakaa anakunja nguo.

Nikasema, "Bi Kusum, hiki kaandika mtu mwingine."

"Ndiye yule yule," akanijibu bila kuniangalia.

"Basi Sarla kawa mjinga. Anajua, na kanyamaza! Ningekuwa mimi nshafunga mizigo, nimwache mume yule mwongo na shati lake."

Akaendelea na choroko zake.

Siku zilizofuata nikamtazama vizuri. Zamani alikuwa akicheka peke yake kabla hajaniambia cha kuchekesha. Sasa hacheki, wala hafunui ukurasa. Kitabu kiko wazi mapajani, macho yako ukutani, na hadithi inatoka.

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Nikajiuliza, hadithi hii anaitunga, na anaitunga kwa ajili ya nani? Nani anayetoka asubuhi akarudi usiku? Bakari wangu, tangu alipopata kazi ya useremala kule Kiembe Samaki kwenye kiwanja cha ndege. Nani mwenye shati jipya? Bakari. Nilimshonea mwenyewe, lakini hilo halikunijia. Nikasema, Bi Kusum ni mke wa mwenye duka, anasikia ya mji mzima. Kajua jambo la mume wangu, kuniambia usoni anaona haya, ananipitishia kitabuni.

Nikawa mpelelezi nyumbani mwangu. Nilinusa mashati. Bakari akisema kachoka, nataka kujua kilichomchosha. Akiimba akioga, nataka kujua furaha ile kaitoa wapi. Akitaja Mpendae, kwa rafiki yake, namtazama midomo. Sikuuliza, maana Sarla naye hakuuliza, na nilishamwita mjinga.

Mwisho nikashindwa. Alasiri moja nikatia wali kwenye bakuli, nikavaa buibui, nikapanda gari la shamba mpaka Kiembe Samaki. Nilikuwa na hakika nitaambiwa hayupo. Nikamkuta kakaa juu ya mbao na mafundi wenzake, wote vumbi tupu, wanangoja lori lishushe mawe kwanza ndipo liwarudishe mjini.

Akaruka kusimama. "Zena! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nimekuletea chakula."

"Chakula saa hizi, nami nnarudi nyumbani?" Akalitazama bakuli, akanitazama mimi, na nikauona uso wake unabadilika. "Umekuja kutazama kama nipo."

Wenzake wakageukia upande mwingine. Tulirudi kwa gari la abiria, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma na bakuli langu, na siku ya pili yake hakunisemesha. Huo ndio ugomvi uliousikia.

Nikashuka kwa Bi Kusum hasira zimenipanda.

"Niambie jina la mwanamke huyo."

"Mwanamke gani?"

"Wa mume wangu. Usinizungushe tena na Sarla."

Akanishangaa. "Mume wako? Mume wako mimi namjua kwa salamu tu."

"Sasa hadithi hii ni ya nani?"

Akakifunga kitabu. "Yangu," akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kama neno linatamkika.

Mumewe huenda Dar es Salaam kuleta nguo. Siku anazokaa huko zinazidi, nguo anazorudi nazo zinapungua. Mama mkwe anajua, mashemeji wanajua, na kila mmoja anamwambia avumilie. "Nilipokifungua kitabu," akasema, "nikamkuta yule mume yuko pale na chai yake, anamngoja mkewe. Sikuweza kusoma, Zena. Mdomo ukaenda wenyewe."

"Na kitabu chenyewe kinasemaje?"

"Mkufu umepotea." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Yote niliyomtukana Sarla, yeye kayasikia na choroko mkononi. Nikamtaka radhi.

"Usinitake radhi," akasema. "Mtu pekee aliyemkasirikia mume yule ni wewe."

Bakari nilimweleza kila kitu. Akasema, "Kumbe nimehukumiwa kwa makosa ya mtu wa kitabuni." Tumepatana, alhamdulillahi. Lakini siku hizi akichelewa hunitajia mwenyewe alikokuwa, mahali kwa mahali, kabla sijauliza, na hilo linanichoma. Nami sitakuficha, shaka haijanitoka yote. Hata barua yako niliisoma mara ya pili nikitafuta unalonificha.

Jana mume wa Bi Kusum karudi. Wao wawili husemezana Kigujerati siku zote. Nilikuwa dirishani nikaona mchukuzi anatua mizigo, mara nikamsikia Bi Kusum kwa Kiswahili, sauti juu:

"Usiingie. Simama hapo hapo mlangoni, unambie jina lake."

Mumewe akamjibu kwa lugha yao, polepole.

"Sema Kiswahili," akamwambia, "majirani wasikie."

Mwisho mume akachukua mkoba wake akaenda zake kwa nduguye, Kiponda. Litakalofuata sijui, na Bi Kusum naye hajui. Lakini duka leo kalifungua mwenyewe.

Mpe mama mkono wangu, na umwambie mkwewe hana kosa lolote. Shemeji msalimie, na mjomba fundi viatu, na shangazi kipofu aniombee dua. Watoto wabusu mmoja mmoja.

Naikata hapa, dada. Bi Kusum ananiita kutoka chini, dukani, nami nshamwitikia naam. Majora ya nguo ni mazito, hayashushwi na mtu mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Zena