Koleta Alipotuhesabu

S.L.P. 417,
Tabora.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nasri,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati? Joto lisikufanye ukaacha kula, nakujua. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama bado ana kile kidonda cha mguu, ila ulimi wake mzima kabisa.

Nasri, tumepata zahanati! Nimeanzia mwisho kwa sababu nikinyamaza nitapasuka. Itajengwa hapa hapa mtaani, kwenye kile kiwanja tulichokuwa tukianikia michembe ya viazi. Mama hatapanda tena bodaboda kila asubuhi kwenda kusafishwa kidonda ng'ambo ya reli. Sasa kaa nikusimulie, maana nusura tuikose kwa ujanja wetu wenyewe.

Mtaa huu ukiuona leo utapotea. Tangu chuo kikuu kipanuke, kila nyumba imekatwa vyumba. Barazani alipokuwa akifulia bati marehemu baba, sasa pana mashine ya kutoa kopi. Mzee Nurdini, fundi mwenzake aliyeapa kufa na nyundo mkononi, anakaanga chipsi, na mfuko wake umenona. Wapangaji wanatoka Nzega, Igunga, hadi Kigoma. Ukisikia nyimbo za kanisani uani kwetu usishangae, ni Koleta, binti wa Ulyankulu aliyepanga chumba cha pili. Mama alinuna wiki nzima. Ramadhani iliyopita hakutaka kufuturu bila yeye.

Basi mwezi wa tatu mwenyekiti wetu, Mfaume, akatangaza kwamba wanafunzi wa chuo watapita kuuliza idadi ya watu na kipato chao, ili ijulikane zahanati iwekwe mtaa gani. Nani alisikia habari ya zahanati? Watu walisikia kodi tu. Kila nyumba ikaficha wapangaji. Kwetu aliyekuja na karatasi ni Koleta mwenyewe! Mama akamtazama usoni, mtu wanayetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, akamwambia, "Andika watatu. Mimi, Mwamvita na Nasri." Koleta akaandika huku akiuma midomo.

Matokeo yakabandikwa ofisini kwa Mfaume: mtaa wa wazee wachache, zahanati iende kwingine. Siku hiyo mama alirudi kutoka kufungwa kidonda kalowa mvua chapachapa, akakaa kitandani, akaanza kuikamua bendeji. Niliumia, Nasri, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha majirani kusema wapangaji wao ni wajomba na mabinamu. Nikamwendea Mfaume, nikaungama. Akakubali kuomba hesabu irudiwe, ila akataka nyumba yetu iwe ya kwanza kusema kweli, tena mbele za watu.

Uani kulijaa. Mama akawataja tisa, kila mmoja kwa jina na kazi yake, kisha akakuongeza na wewe. Koleta akamweleza taratibu kwamba mtu aliyekaa nje miaka minne hahesabiwi. Mama akachezea ncha ya ushungi wake, akasema, "Mfute." Baada ya hapo majirani nao wakawatoa wapangaji wao, hadi mzee Nurdini akakiri anao saba. Mtaa ukawa na watu mara tatu ya mwanzo, na wiki iliyopita jibu likaja. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Sasa niwie radhi kwa hili. Kile chumba chako, ambacho mama alimnyima hata mwalimu wa chuo, amekifungua mwenyewe. Anakaa Rustika wa Urambo, rafiki yake Koleta. Usinune. Kitanda chako tumekihamishia chumbani kwa mama, kando ya chake, na kila Ijumaa anabadilisha shuka. Nilimwambia anajichosha bure. Akanijibu, "Akija akakuta hakijatandikwa, atadhani nilimfuta kweli."

Mfaume na mzee Nurdini wanakusalimu sana. Koleta pia, ingawa hamjaonana, na anasema umsamehe kwa kalamu yake. Mola akufungulie riziki na akufungulie njia ya kurudi, hata kwa wiki mbili tu. Shuka za wiki hii ni zile za bluu ulizomtumia.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwamvita