Simu Uliyoifungua

Kananu,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa hukukubali Kikuyu changu wala mimi Kimeru chako. Tulikuzika hapa Mweiga, kwenye udongo wa kununua. Mchungaji alisema ulipenda wageni. Niliinama nisicheke. Wageni uliniachia mimi na chupa ya chai, ukajifungia chumbani na simu yako.

Simu hiyo sasa naitumia mimi. Bado inaendeshwa na Linux, ule mfumo wa bure uliouweka baada ya kustaafu kufundisha hesabu, kampuni iliyoiunda simu ilipoitelekeza ili tununue nyingine. Inafungua vitabu vyangu, inapata mtandao. Kamera ni shimo jeusi. Nikipigiwa, mimi nasikia, ila anayepiga hanisikii.

Wangari wetu amechoka. Hupiga kutoka Murang'a na kupayuka peke yake: "Baba! Uko hai?" Juzi alinipeleka kwa fundi mjini Nyeri, mtu ambaye kazi yake ni kubandika plastiki juu ya vioo. Akaigeuzageuza. "Mzee, kuna mtu aliharibu hii simu. Wacha niiflash, nifute yote, irudi ya kampuni."

Ati uliharibu. Wewe, uliyekesha ukisoma maelezo ya watu usiowajua, wanaoandika programu na kuzitoa bure! Alikuwa ameshaichomeka kwenye kompyuta yake. Niliichomoa. Wangari akanong'ona, "Baba, aibu."

Aibu ni ya wale mabwana wanaouza simu kisha wanaficha jinsi ya kuiamuru maikrofoni yake, kana kwamba ni siri ya jeshi. Unainunua, unaichaji kwa umeme wako, na bado ni yao. Hali hiyo tunaijua, mimi na wewe. Kule Bonde la Ufa tulijenga, tukapanda, tukazaa, kisha tukaambiwa turudi kwetu. Siku Linux ilipowaka kwenye kioo hicho ulisema, "Humu hakuna wa kutufukuza." Nilikucheka, Kananu. Nilidhani ni uzee.

Nimepokea simu mpya aliyoninunulia Wangari, kwa ajili yake tu. Ni kitu cha kipuuzi. Asubuhi, kabla sijavaa miwani, inanitangazia mikopo na kamari, na programu zake nusu sikuziomba wala haziondoki.

Yako nimeiweka mezani, naendelea ulipoachia. Nasoma polepole. Nimewaandikia wale watu wako wa mbali, na mmoja amejibu kwamba yeye pia ana simu kama hii na hasikiki. Basi tuko wawili, mabubu.

Lala, mke wangu. Hakuna fundi atakayeifuta nikiwa hai. Na siku maikrofoni itakapokubali, nitampigia Wangari nayo, nizungumze mpaka chaji iishe. Hatutafika mbali. Unaijua betri yake.

Baba Wangari