Bahasha Nyembamba

Sotik, 2 Aprili 1996

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Mguu wake unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Zile barua tatu za ng'ambo ulizonitumia zote zilikuwa za kunikataa. Hakuna chuo hata kimoja kinachotaka nikasomee shahada ya pili ya kuandika filamu. Siku hizi sina haja ya kuzifungua. Anayekubaliwa hutumiwa bahasha nene iliyojaa fomu, anayekataliwa hupata karatasi moja. Mwalimu mwenzangu Mokeira anasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi nimekubali. Nitafundisha Kiingereza hapa mpaka nizeeke.

Binti yako,
Chepyegon

Roret, 21 Aprili 1996

Kwa binti yangu,

Sisi tu wazima. Mguu wa mama yako umepona, ila bado anausingizia siku za kuchota maji.

Juzi nami nilikataliwa. Kepher, yule karani wa kituo cha majani ya chai, aliingiza mkono kwenye kikapu changu, akakuta majani magumu, akanirudishia yote mbele ya watu. Mtoto mdogo anajua chai ni majani mawili na chipukizi, lakini nilikuwa na haraka. Niliyamwaga kwenye shimo la mbolea na chakula cha jioni sikukigusa. Kesho nitachuma tena, na ni Kepher huyohuyo nitakayempelekea.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena ile hadithi uliyotusomea Krismasi, ya wakili wa Nairobi, ilikuwa na majani magumu. Wakili umemjulia wapi? Andika unachokijua.

Ni mimi babako

Sotik, 1 Desemba 1996

Kwa Baba,

Natumaini mvua haijawamaliza. Nilikukasirikia miezi mitatu kwa ajili ya yule wakili, kisha nikamtupa.

Nimeandika filamu ya wanawake wanaongoja lori la majani kituoni tangu asubuhi. Lori haliji, majani yanapata joto na kugeuka mekundu vikapuni. Mama yumo, na mguu wake. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nimekituma chuo kimoja tu. Machi natimiza miaka thelathini, sitajaribu mara ya tatu. Nimetumia tena anwani ya nyumbani, lile sanduku la posta la kituo ambalo Kepher huwaletea barua zake, kwa kuwa hapa shuleni barua hupita mikono mingi.

Ombi moja, Baba. Ikija nene, nitumie mbio. Ikija nyembamba, usinitumie wala usiniambie. Itie moto jikoni. Siwezi kushika nyingine.

Binti yako,
Chepyegon

Roret, 23 Machi 1997

Kwa binti yangu,

Hatujambo, na wewe tunakuombea. Ng'ombe amezaa jike. Mama yako anauliza kama umemvalisha lile sweta la kijani kwenye filamu.

Kepher hajaleta kitu kinene.

Ni mimi babako

Sotik, 8 Juni 1997

Baba,

Salamu kwenu nyote.

Niliwaandikia wale wa chuo kuwauliza, nikawapa anwani ya shule. Jibu limefika juzi. Wanasema filamu yangu waliipenda. Waliniandikia Februari kuniita kwenye mahojiano ya simu, nikitakiwa kujibu kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Hawakunisikia, wakampa mwingine nafasi. Nikitaka, nianze upya mwaka ujao.

Barua ya kuitwa kwenye mahojiano ni karatasi moja, Baba. Hilo sikulijua.

Je, ilikuja?

Chepyegon

Roret, 15 Juni 1997

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Ilikuja tarehe tatu Machi. Kepher alinipa pale kwenye mizani, nikaipima kwa kiganja, nikajua ni nyembamba. Nilifika nayo jikoni kama ulivyosema, nikashindwa kuichoma kwa kuwa ina jina lako. Niliiweka ndani ya Biblia. Kila Jumapili nilikuwa nikiiona, nikifurahi kwamba nimekukinga.

Kiingereza sikijui. Kepher anakijua na angenisomea, lakini sikutaka yeye na kituo kizima wajue kwamba binti yangu amekataliwa tena. Aibu yangu ndiyo iliyokula nafasi yako. Usiseme ni agizo lako.

Nimeitia humu. Haijafunguliwa. Nisamehe.

Ni mimi babako

Roret, 30 Novemba 1997

Mwanangu,

Tu wazima, na nasikia nawe u mzima. Hii ni barua yangu ya nne tangu ile ya Juni. Mokeira nilimkuta sokoni Litein. Aliniambia unafundisha vizuri, na kwamba mashine ya kupiga chapa huigusi ila wakati wa mitihani.

Mwaka jana siku kama hizi ndipo ulipotuma. Ile ya wanawake na lori bado ni nzuri, haijageuka nyekundu. Itume tena. Jibu likija nitapanda gari na kukuletea Sotik mwenyewe, likiwa limefungwa, liwe zito au jepesi.

Kila Jumatatu namuuliza Kepher kama kuna bahasha kutoka kwako. Nimemwambia hata nyembamba nitaipokea. Anaumwaga mfuko wa barua mezani mbele yangu, tunatafuta pamoja, kisha anazirudisha za wenzangu moja moja.

Ni mimi babako