Tao Lililoangukia Kitambaa cha Meza

Barreal, San Juan

Kwako dada yangu mpenzi Nélida,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Magoti yanakusumbua bado? Na kifua cha shemeji kimepoa? Mimi mwili mzima, namshukuru Bikira, ila moyo, dada, moyo umechoka.

Uliuliza kama Baudilio na Mirta wamepatana. Hawajapatana. Unajua mume wangu amezeekea kituo cha kutazamia Jua akichora matao ya mwanga yanayoinuka juu ya Jua. Kwake kila tao ni kamba ya hewa ya moto iliyoshikwa na sumaku ya Jua, inawaka yenyewe. Sasa binti yetu Mirta, ambaye baba yake mwenyewe alimfundisha kushika penseli, alikuja Pasaka akasema kamba hakuna. Akatuonyesha pazia la jikoni: mwanga umetanda kama kitambaa chepesi, na panapokunjamana unarundikana machoni petu, nasi tunadhani tumeona kamba. "Baba, umezeeka ukihesabu makunyanzi ya pazia," akasema, nusu mzaha. Baudilio akaweka chini kibuyu chake cha chai ya majani. "Makunyanzi hayo hayo ndiyo yaliyokununulia viatu vya shule, mama." Mtoto akaondoka chakula kikiwa sahanini. Mimi nikaamriwa nitungue mapazia yote.

Juzi imekuja bahasha yenye barua na picha. Mirta anaandika kwamba chombo kingine huko angani kimelipiga Jua picha kutoka ubavuni. Kunjo likitazamwa upande huo hupotea, na mengi yamepotea kweli, lakini lile tao kubwa la baba yake limebaki. Anakiri hilo ni kamba. Nawe unaijua desturi ya kituoni: asiyechora kwa mkono wake alichokiona hana neno kwenye ubishi. Basi anaomba baba yake alichore juu ya picha hiyo na kuirudisha, majina yao yachapishwe pamoja. Isiporudi, ataelewa kwamba hajasamehewa, na hatakuja tena kutusumbua.

Dada, sasa nakwambia nililoapa mbele ya Bikira kutolisema. Baudilio haoni. Presha ya macho ilimmaliza kiangazi, kabla ya Pasaka. Hata pazia la siku ile hakuliona. Kituoni anapapasa ukuta, wenzake wanadhani ni miguu. Hataki Mirta ajue. Anasema mtoto atamkubalia kwa huruma, kama kipofu anavyoachiwa kiti.

Jana alinitaka nimsomee barua tena na tena. Akachonga penseli, kisha akachora kwa mpigo mmoja. Tao zuri, dada, sijaona zuri kama lile, na lote likaangukia kitambaa cha meza. Picha haikuguswa. "Limekaa juu yake, mama Mirta?" Nikasema limekaa. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Pasaka. "Basi mpelekee mwanangu."

Nikiituma picha tupu, Mirta atajua amekataliwa. Nikisema ukweli, namnyang'anya mzee kitu pekee alichobakiwa nacho. Nasali, sijibiwi. Kitambaa nimekikunja kabatini, sijakifua, na tunakula meza ikiwa wazi. Yeye hajui.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani huko Mendoza, na mniwashie mshumaa. Naandika hapa mlangoni, bahasha ya Mirta iko mapajani. Sasa hivi ameniuliza kutoka ndani kama basi la posta limeshapita. Nimemwambia limepita, na bahasha imekwenda nalo.

Mdogo wako akupendaye,
Eduviges