Damu Iliyopatikana kwa Jina la Mume Wangu

Dada Breda mpendwa,

Nisaidie, maana nimefanya jambo la kipumbavu na sasa limenikaba koo. Nina miaka sitini na mitatu, nakaa huku kwenye vilima vya zabibu juu ya mji wa Ormož, mume wangu Ludvik ana sitini na sita, alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na minne mpaka akastaafu, mtu mzuri, hanipigi, hanywi kupita kiasi, ila akishasema hapana hata askofu hamgeuzi, na mwezi wa sita alitumiwa na hospitali ile bahasha ya kupima choo kama kina damu, ile yenye vichupa viwili, unaweka choo kidogo siku mbili tofauti kisha unarudisha kwa posta, naye akaitazama kama nyoka akasema, "Nimebeba barua za watu miaka thelathini na minne, sijawahi kubeba mavi ya mtu, na yangu hayatabebwa."

Sasa dada, kaka yake Alojz alikufa kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka hamsini na minane, sote tulimwona alivyokwisha, na binti yetu Blanka anayefanya kazi mjini Graz hupiga simu kila Jumapili, swali la kwanza, "Baba ametuma?" nami nikisema bado anaanza kulia, mpaka Jumapili moja nikachoka nikasema ametuma, akamshukuru Mungu, nami nikajiona mwongo, na ili uongo usiwe uongo mtupu nikachukua vile vichupa, nikaweka choo changu, nikabandika jina la Ludvik, nikatuma. Nilijua majibu yatakuja safi na kila mtu atapumzika.

Yamekuja na damu.

Barua aliipokea mwenyewe pale langoni. Nilikuwa uani natoa mbegu za maboga, nikamwona anaisoma mara mbili, halafu akaangua kicheko. "Zdenka, njoo usikie! Wamepata damu kwenye mavi yangu! Mimi ambaye sijawatumia hata harufu!"

Nilitakiwa niseme palepale. Sikusema. Akavaa kofia, akaenda nayo kwenye baa ya Maks akawasomea wanaume kwa sauti, na hii ni wiki ya tatu imekuwa hadithi ya kijiji kizima, kwamba watu wa hospitali wanabuni majibu ili wapate wa kuwachokonoa, na jirani yetu Ciril, ambaye suruali zimeanza kumpwaya, ameichoma bahasha yake kwenye jiko la baa huku wenzake wakipiga makofi. Mkewe ndiye aliyenisimulia, anacheka. Mimi nilikwenda chooni nikakaa tu.

Niseme yote. Bahasha yangu mwenyewe ilikuja mwaka jana, wiki tuliyochinja nguruwe, nikaitupa kwenye droo, basi. Bawasiri ninayo tangu nimzae Blanka, kwa hiyo najiambia damu ni ya hiyo. Lakini pia tangu Pasaka nikipanda kilima na kikapu lazima nisimame mara mbili nivute pumzi, na nimepauka, Ludvik ananitania eti nafanana na unga. Damu kwa macho sioni. Nikisema ukweli namwaibisha mbele ya wanaume wote, na yeye hasahau. Nikinyamaza, je, si huenda ni bawasiri tu? Na hiyo kamera ya kupitishwa nyuma, ambayo barua inasema ndiyo inayofuata, wanasema inatoboa utumbo, wanasema inauma kuliko kuzaa. Nifanyeje? Tafadhali usichape bila kuniuliza, Ludvik husoma gazeti lenu kuanzia matangazo ya vifo mpaka hali ya hewa.

Zdenka


Zdenka mwenzangu,

Sitachapa mpaka uniruhusu. Jibu hili nakutumia nyumbani. Kabla hujaendelea kusoma, piga simu kwa daktari wako. Nakusubiri. Umepiga? Haya.

Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa muuguzi kwenye chumba cha kamera ya utumbo miaka ishirini na sita, nimeona matumbo mengi kuliko mchinja nguruwe wenu, kwa hiyo nisikilize. Unaniuliza habari za aibu ya Ludvik. Mimi nakuuliza habari za tumbo lako. Jina kwenye karatasi ni la mumeo, damu ni yako.

Kipimo kile kinatafuta damu ambayo jicho halioni, kwa hiyo hilo la "kwa macho sioni" liache. Kupatikana damu si kusema una saratani. Katika watu ishirini wanaoitwa kwa kamera, pengine mmoja ndiye tunayemkuta nayo. Wengine wana bawasiri, wengine hatuwakuti na kitu, na wengi tunawakuta na vinyama vilivyoota kwenye ukuta wa utumbo kama uyoga kwenye gogo. Vinyama hivyo ndivyo hasa tunavyovitafuta. Haviumi, baadhi yavyo hugeuka saratani polepole, miaka kumi hivi, na tukivikuta leo kwa kawaida tunavitoa leoleo. Ila bawasiri usiifanye wakili wako. Bawasiri na uvimbe vinaweza kukaa nyumba moja bila hata kuamkiana. Tena umepauka na pumzi inakatika: mtu anayevuja kidogokidogo kila siku hufika mahali akaishiwa damu. Mwambie daktari hayo, akupime wingi wa damu, na umweleze wazi ulivyochezea vichupa. Hatakumeza. Ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Sasa hiyo kamera. Ni mrija laini, unene wake kama kidole. Kazi kubwa ni ya kabla. Siku chache acha mbegu na zabibu, najua ni msimu wake, vumilia. Siku ya mwisho ni mchuzi mweupe usio na kitu ndani, na chai. Kisha dawa ya kusafisha tumbo, utainywa kwa awamu kama karatasi itakavyokuelekeza, uimalize hata ikikukinai, na usiende mbali na choo. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema mapema. Hospitali watakuchoma sindano ya kukulegeza, wengi husinzia. Watakujaza hewa tumboni, utajamba, na hakuna atakayekucheka; sisi tunafurahi mgonjwa akijamba. Nusu saa hivi, umemaliza. Kinyama kikionekana kinakatwa kwa kitanzi cha waya hukohuko, wala hutasikia, maana ukuta wa ndani hauna hisia ya kukatwa. Kutoboka kupo, sikudanganyi, ila ni nadra sana, na ukipata maumivu makali, homa au damu nyingi baadaye unarudi mbio. Kuliko kuzaa? Nimezaa watatu. Nani kakwambia, mwanamume?

Nimeshakuhurumia, sasa nakugombeza. Fikiria majibu yangekuja safi. Ludvik, ambaye kaka yake alikufa kwa ugonjwa huohuo, angetembea na afya ya mkewe mfukoni akidhani ni yake. Ungemzika kwa wema wako, Zdenka! Na wewe uliyemkazania mume apime, bahasha yako umeifungia kwenye droo. Halafu kuna Ciril, anakonda huku anapigiwa makofi. Kila siku unayonyamaza wewe, inamgharimu yeye.

Fanya hivi. Mwambie leo mchana, akiwa ameketi. Usianze na Blanka, usianze na samahani ndefu. Sema, "Ludvik, ile damu ni yangu," kisha ufunge mdomo. Akikasirika, akasirike huku anakupeleka hospitali, maana ukishachomwa ile sindano hushiki usukani siku hiyo. Na yeye mwambie mtu ambaye ndugu yake alipata saratani hii kabla ya miaka sitini hasubiri bahasha. Aende kwa daktari aombe kamera moja kwa moja.

Breda


Dada Breda,

Sasa chapa. Nilimwambia siku ileile jibu lako lilipofika, tukiwa mezani. Akaweka kijiko chini.

"Yako?"

"Yangu."

"Yako wewe?"

"Ludvik, nimeshasema."

Hakugomba. Alitoka akapasua kuni zote zilizokuwa uani, akarudi amelowa jasho, akauliza, "Daktari umempigia?"

Damu yangu ilikuwa chini sana, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Kwenye kamera walikuta vinyama vitatu, viwili vidogo na kimoja kikubwa kama kokwa la jozi, ndicho kilichokuwa kinavuja. Vyote vimetolewa. Maabara wamesema kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika lakini hakijazama kwenye ukuta. "Mama," daktari akaniambia, "ungekuja miaka miwili baadaye tungekuwa na mazungumzo mengine." Nitarudi kuangaliwa tena. Maumivu sikuyasikia, nilisinzia.

Jumapili baada ya misa Ludvik alikwenda kwa Maks bila mimi kumtuma. Mke wa Ciril alikuwepo. Anasema Ludvik alivua kofia akasimama katikati ya watu. "Ile damu niliyowasomea ni ya Zdenka. Wiki hizi zote mmecheka damu ya mke wangu, na mimi ndiye niliyewachekesha." Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo hospitali hawakubuni?" Akajibu, "Hawakubuni kitu. Na wewe Ciril, kesho nakupeleka kwa daktari, usinibishie." Akampeleka. Wamemkuta na uvimbe, atapasuliwa wiki ijayo. Zaidi ya hapo hatujui, na mkewe sasa hacheki.

Kamera ya Ludvik ni kesho. Leo mchana nilimwekea bakuli la mchuzi, akalikagua kama barua isiyo na stempu.

"Hata tambi?"

"Hata tambi."

Halafu akasema, bila kunitazama, "Bahasha ya Alojz, kama hii yangu, niliipeleka mimi. Ilikuwa njia yangu ya barua. Nilimkuta langoni nikampa, akasema atawashia moto, tukacheka wote wawili."

Miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Nikamshika bega. Akachukua kijiko, akanywa mchuzi wote.

Zdenka