Maji Yasiyolia Kifuniko

Ikonge, Jumapili

Kaka Obwocha,

Huku tunaendelea. Chai imestawi, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Uliniuliza kuhusu chemchemi ya bondeni anakoteka Mama. Chupa za plastiki za maji ya mikutano hutupwa nyuma ya ofisi ya chai ninapofanya kazi, huku juu, na mvua imeziteremsha zote hadi zimeiziba. Kwa woga mwingi nilimwomba meneja tutumie mtungi na glasi za kuosha badala ya chupa. Akakubali tujaribu mara moja.

Siku ya mkutano wa wakulima nilichemsha maji mwenyewe. Hakuna aliyegusa glasi. Mwishowe Mzee Angwenyi, mwenyekiti, akasema, "Binti yangu, mimi nina maadui hata katika ukoo wangu. Maji ambayo sikusikia kifuniko cha chupa kikilia kinapofunguliwa, nitajuaje hayajatiwa kitu?" Wakacheka, huku kila mmoja akimtazama jirani yake. Meneja akanituma dukani nilete chupa. Baadaye akaniambia, "Nyamusi, mkataba wako unaisha mwezi ujao. Usinitie aibu tena."

Sitalitaja jambo hilo tena, kaka.

Jana nilishuka kwa Mama. Alikuwa amelala, tumbo linamsumbua tena. Alikuwa ameniwekea chupa ya maji ya dukani. Nikamwambia tunywe pamoja.

"Mimi nimezoea ya chemchemi," akasema. "Wewe una kazi, usiugue."

Nilipofungua, kifuniko kikalia, naye akatabasamu. Nikanywa yote akinitazama.

Chupa tupu bado ninayo mkobani. Sijui niitupe wapi.

Mdogo wako,
Nyamusi