Batu ba Karatasi ba Tantine Sifa

Tantine Sifa,

Bametimia! Nilitaka kuanza na salamu, nikuulize habari za huko, lakini moyo umekataa kungoja. Batu bako ba karatasi, ba hapa mwaloni penye mitumbwi, bametimia kumi na mbili, bamesimama juu ya meza yako, na hakuna niliyempasula.

Haya, sasa salamu. Sisi hatujambo. Mvua imetukamata hapa Baraka, muhogo unakauka kwa shida, na nyumba yako inavuja palepale unapopajua. Mimi bado nafundisha batoto badogo ba maternelle. Mukasi wako, ule uliofungwa mupira kwenye mushikio, niko nao mimi. Dada yako aliutaka akatie mboga, nikamwambia kwanza anikate mimi.

Ulipotuacha kiangazi kile, niliokota chini ya kitanda chako mifuko mitupu ya simenti uliyokuwa ukiikata, na ndani ya kabati batu kumi na mmoja. Najua kila mmoja alivyozaliwa. Fundi wa cherehani na utepe wake shingoni. Muzee wa Ubwari anashuka mutumbwini na bidoni ya mafuta ya mawese. Yule muchukuzi wa Mboko, ulimkunja mugongo mara nne mpaka mimi mwenyewe nikasikia mzigo. Uso uliuacha mwisho siku zote, na ukiisha kuuchora unamwita mwenyewe. "Ajione, acheke. Kama hacheki, pasula." Na ulipasula kweli! Katekista wetu alitabasamu kwa adabu tu, ukamchana vipande mbele yake. Ukamtengeneza wa pili, na katekista alipomwona alicheka mpaka akashika ukuta.

Na Mama Aziza, muuza samaki badogo ba ndagala, unakumbuka? Mara tatu alikuja, mara tatu akabinua mudomo: "We Sifa, matako yote haya ni ya nani?" Mara tatu ukapasula. Mara ya nne, badala ya kupunguza ukaongeza! Akacheka mpaka kitenge kikalegea. Tangu hapo hamkuweza kupitisha asubuhi bila kutukanana kwa furaha, na mimi nilikuwa nawaonea wivu.

Wa kumi na mbili alipaswa kuwa wewe. Nilikuomba, nikakubembeleza. "Mi sijichore. Utanitengeneza we, mukono yako ikikomaa." Haya, ukaenda kabla haujakomaa. Na sheria yako ukaniachia: mwenyewe acheke. Sasa wewe ungechekaje, Tantine? Hilo ndilo lilinifunga mikono miezi yote hii. Nikikuacha, batu bako banabaki na pengo. Nikikutengeneza na hakuna wa kucheka, itabidi nikupasule. Nimeshakuzika mara moja, ya pili nisingeiweza.

Nikaanza tu siku moja, bila kufikiri. Na nikakosea kama mutoto! Nilipika gundi ya unga wa muhogo, nikasahau pilipili ya kufukuza panya. Asubuhi panya bamekula miguu yako yote miwili. Nilisikia kabisa sauti yako: "Neema, unapika gundi ao unapikia panya?" Nikacheka peke yangu, nimekaa chini, nimeshika kiuno chako.

Mara ya pili nikaitia pilipili ya kutosha kijiji kizima, kisha nikajipangusa macho. Ee Mungu wangu! Jirani akaingia mbio, akanikumbatia: "Pole, pole, Tantine yako amepumzika." Nikashindwa kumwambia ni pilipili. Na kwa kuwa machozi yalikuwa yameshafungua njia, nikakulilia na wewe humo humo. Nilikuwa sijalia vizuri tangu mazishi.

Nilikutengeneza umeketi kwenye kigoda, miguu umenyoosha, kandambili moja ya buluu na nyingine ya kijani. Miwani imefungwa kwa uzi. Kitenge nilikikata kwenye kalenda ya zamani. Uso mwisho, na ulimi umetoka pembeni ya mudomo, vile unavyotoka ukikata mahali pagumu.

Kisha nikabaki nakutazama. Nimwite nani?

Nikakufunga ndani ya kitenge, nikaenda mwaloni kwa Mama Aziza. Nikakusimamisha katikati ya ndagala zake, nikarudi nyuma hatua moja. Akakutazama. Kisha akabinua mudomo, Tantine, vilevile kama zamani. Mukono wangu ulikuwa umeshakushika bega. Sheria ni sheria.

"Ee Sifa!" akapiga kelele. "Kufa umekufa, na ulimi bado uko inje!"

Akacheka, akapiga mapaja, akaangusha sahani ya ndagala. Bamama ba jirani bakaja mbio bakifikiri ni ugomvi, bakakuona, bakaangua nao. Mama Aziza alicheka mpaka machozi, na safari hii hapakuwa na pilipili. Mimi bado nilikuwa nimekushika bega, maana aliyecheka si mwenyewe. Akanipiga mukono.

"Acha! Mwenyewe amecheka. Hauone? Yeye ndiye ameanza, mimi nimemufuata tu."

Nikakutazama tena. Kweli. Nilikuwa nimekuchora unacheka, na sikujua.

Basi, Tantine yangu, pumzika, meza yako imejaa. Jumatatu naanza na batoto bangu kukata batu ba mashamba ya Lweba, na mukasi utapita mukono kwa mukono. Nakuahidi: pilipili kwanza, uso mwisho, na asiyecheka napasula bila huruma, hata akiwa direkta wa shule.

Wewe tu sikugusi.

Neema wako